Mwalimu Purohit na Mikanda ya Akili

Girijashankar Purohit alifundisha hesabu hapa Kota, mji wetu wa India, miaka ishirini na tisa, na sikumsikia akimsifu mtu zaidi ya mara mbili. Mimi nilifundisha kemia chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, kwa hiyo dharau zake nilizisikia zote.

Mwaka ule kituo chetu, kinachowaandaa vijana kwa mtihani wa kuingia vyuo vya uhandisi, kilileta mikanda ya kichwani. Mkanda unaufunga kwenye paji la uso, nao unapitisha umeme kidogo, eti ubongo unaamka. Wazazi waliposikia wakamiminika. Mkurugenzi wetu, Bwana Lodha, akatuamuru na sisi walimu tuivae darasani pamoja na wanafunzi.

"Vaa wewe," Purohit akamwambia. "Mwenye upungufu ni wewe."

"Mwalimu, hii ni sayansi."

"Sayansi gani? Anayeiuza nimemwuliza kumi na saba mara kumi na tatu, akatoa simu mfukoni. Na mkanda kauvaa!"

Tulicheka, kisha tukaivaa. Kichwa kiliniwasha siku nzima, na kwenye mkutano wa wazazi nikasimama nikasema najisikia mtu mpya. Purohit alinitazama kama anayeona nzi kwenye kachori yake.

Zamu yake ilipofika akasema, "Watoto wenu hawana ubongo mbovu. Wana usingizi. Waacheni walale." Akaketi.

Kesho yake alinyang'anywa darasa la vinara, akashushwa ghorofa ya chini kufundisha waliofeli mara mbili.

Matokeo yalipotoka, msichana wa darasa lake la zamani, Ketaki, alikuwa miongoni mwa kumi bora. Picha yake akiwa na mkanda ilibandikwa njia panda, kubwa kama nyumba. Alipomletea Purohit peremende za maziwa, nilikuwepo.

"Mwalimu, usinikasirikie. Ule mkanda sikuuwasha hata siku moja. Nilivaa tu wasinisumbue."

Nilidhani atafurahi. Hata mkono hakunyoosha.

"Na picha je?"

"Baba alifurahi mno. Nikashindwa kusema."

"Lodha ni mjinga, simlaumu. Huyu," akaninyooshea kidole, "ni mwoga, nimemzoea. Lakini wewe una akili, binti. Wangapi watafungwa waya kichwani kwa ajili ya sura yako?"

Ketaki aliondoka analia. Lakini wiki hiyohiyo mwandishi wa gazeti alipokuja kumhoji, alimweleza yote, baba yake akiwa kando, uso umemshuka.

Lodha aliishusha picha siku ya pili. Siku ya tatu akapandisha ya kijana mwingine, naye na mkanda wake.

Purohit alibaki chini hadi kustaafu. Matokeo ya mwaka wake wa mwisho yalipotoka, nilimweleza kwamba wanafunzi wake kumi na mmoja wamefaulu.

"Kati ya sitini," akasema. "Na wewe unaniletea kama habari njema."