Kiboksi Kilichomhukumu Mama Mkubwa

Kiboksi cha plastiki chenye taa nne kilisema mama yangu mkubwa ni mwizi, na watu wazima na ndevu zao wakakubali.

Rudia kusoma hapo. Mimi mwenyewe niliposimuliwa kwenye simu nilidhani mtandao unakata.

Naitwa Hamida. Natengeneza simu na redio Masasi mjini, kibanda changu kiko njia ya kuelekea stendi. Wajinga siwawezi, nasema mapema ili usije ukalalamika mbele ya safari.

Aliyepiga ni Faidha, mke wa kaka yangu Fakihi, kule Mnyambe upande wa Newala. Alianza kwa kulia. Nikamwambia alie amalize ndipo anipigie. Akaacha kulia palepale.

Akanieleza kwamba mashine ya kupulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho, ile ya kubeba mgongoni, haionekani. Msimu umeanza, majirani wote wako mashambani, wao wamekaa wanatazamana.

Sasa mtu mwenye akili angefanya nini? Angeuliza majirani. Angeuliza mashemeji.

Fakihi hakuuliza mtu. Alikwenda kumleta jamaa mmoja anayejiita Profesa Lukmani, mwenye kifaa cha kumtambua mwizi. Kifaa kikamtaja Mama Mkubwa Mwanakombo, mara tatu mfululizo. Kesho yake profesa angerudi kuthibitisha. Kikimtaja tena, Mama Mkubwa ahamishiwe Lukuledi kwa ndugu wa mbali, na nyumba na mikorosho yake ibaki chini ya Fakihi.

Umjue kwanza huyo mwizi wao.

Mama yangu na mama yake Fakihi walikuwa wadogo zake, na wote wawili walifariki sisi tukiwa watoto. Tumelelewa na yeye. Ile nyumba ameijenga kwa korosho alizopanda kwa mkono wake, Fakihi akiwa bado anafutwa kamasi. Ndiyo nyumba hiyohiyo aliyotaka kumtoa.

Nikafunga kibanda, nikapanda gari la Newala, nikamalizia na bodaboda.

Nilimkuta barazani, amekaa, furushi lake limeshafungwa kwa kanga.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, Hamida. Umekula?"

Mtu anafukuzwa kwake, anauliza kama mimi nimekula. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nikamuuliza kwa nini amefunga furushi kabla hata ya hukumu. Akasema waliomhukumu ni watoto wake, sasa akakate rufaa kwa nani.

Kesho yake profesa akafika, kama alivyoahidi. Koti la suti kwenye jua lile, miwani myeusi, begi la kompyuta ambalo ndani halikuwa na kompyuta. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikajitambulisha kuwa ni fundi simu, maana nilitaka kukiona hicho kifaa kwa karibu.

Mkeka ukatandikwa. Watu wakakaa kama tunavyokaa siku zote akiwepo mgeni, mkubwa karibu na mgeni, wengine wakifuata kwa umri. Mama Mkubwa kwanza. Akafuata Mjomba Hamudi, mzee mwenye sauti kubwa na mawazo madogo. Kisha Fakihi, na mwisho kabisa Faidha.

Kutoka kwenye boksi zilitoka nyaya nne, kila moja ina kitufe mwishoni. Waya wa kwanza mfupi, wa mwisho mrefu. Kwa hiyo wa kwanza ukaenda kwa mkubwa, hakuna hata aliyefikiri. Kila mtu ashike kitufe chake, profesa akihesabu wabonyeze wote kwa pamoja, na damu ya mwenye hatia itaita taa.

Damu iite taa. Mjomba Hamudi, aliyewahi kuwa mjumbe wa kamati ya shule, alitikisa kichwa kama anayeelewa.

Wakabonyeza. Hakuna taa iliyowaka.

Profesa akatoa jasho. Akalitikisa boksi, akalipiga kofi. Kisha akaniambia, "Binti, si wewe fundi simu? Hebu angalia, kuna waya umelegea."

Mwenyewe akanipa kwa mkono wake.

Nikatoa bisibisi, nikafungua. Chini ya mfuniko palikuwa na karatasi iliyogandishwa, imeandikwa kwa kalamu ya wino: Timu A, Timu B, Timu C, Timu D.

Lilikuwa boksi la chemsha bongo la shule. Wanafunzi wanaulizwa swali, anayewahi kubonyeza taa yake inawaka, anajibu. Basi. Baadaye profesa aliniambia alilinunua kwenye vitu chakavu, na aliyemuuzia alimwambia linamtambua mtu. Hakuuliza linamtambua vipi.

Ndani kulikuwa na kichipu kimoja, na vitufe vyote vinne vinaingia kwenye pini yake moja tu, yaani mguu mmoja. Hilo si kosa, ni ujanja wa mafundi wa kuokoa pini. Kila kitufe kinapitisha umeme kwenye resista, vidude vya kupunguza umeme, za kiasi chake, kichipu kinapima umeme uliobaki, kinajua nani kabonyeza. Ni kama watu wanne wanaokupigia kwa simu moja, ukapokea ukawajua kwa sauti.

Ila lazima wabonyeze mmojammoja. Wakibonyeza wote, umeme unapita penye njia nyepesi, na kitufe cha kwanza hakina resista hata moja. Kichipu kinamsikia huyo tu. Wengine wabonyeze mpaka vidole viote sugu, hawapo.

Yaani kila anayekaa wa kwanza ni mwizi. Na kwetu anayekaa wa kwanza ni mzee.

Nikamuuliza profesa, kwa upole wa kinafiki, kwenye vijiji vingine kifaa kiliwataja akina nani. Akasema mara zote ni wazee. Akasikitika kabisa, akasema wazee wa siku hizi wameharibika.

Hakuwa tapeli. Tapeli anajua anachofanya. Huyu alikuwa anakiamini kile kiboksi.

Nikabana waya, nikawaeleza wote. Nikaeleza pini, nikaeleza resista, nikatoa na mfano wa simu. Mjomba Hamudi akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mambo ya kisayansi yana sehemu yake, na haya ya damu yana sehemu yake. Fakihi akaongeza kwamba mimi namtetea tu Mama Mkubwa kwa kuwa ananipenda.

Sawa. Kama maneno hayawafai, wabadili nafasi. Nikamhamisha Mama Mkubwa akakae mwisho na waya mrefu, Mjomba Hamudi akasogea kwanza.

Profesa akahesabu. Taa ikamwangukia Mjomba.

Nilidhani wataelewa. Nilikosea kuwapa heshima hiyo. Profesa alisema mzigo wa hatia umeruka kutoka kwa bibi kwenda kwa mzee, na Fakihi, mtu mzima mwenye watoto, akajivuta kidogo kwenye mkeka asije akaguswa na huo mzigo.

Mjomba Hamudi, aliyekuwa ameelewa mambo ya damu dakika moja iliyopita, sasa hakuyaelewa tena. Alimgeukia Fakihi akamwambia akae yeye hapo kwanza, kifaa amekileta mwenyewe. Fakihi akasitasita. Mjomba akampa kitufe kwa nguvu.

Wakabonyeza. Taa ya kwanza, bila hiyana, ikawaka.

Fakihi akasimama. Maneno yakaanza kumwagika.

"Mimi niibe mashine ya nyumbani kwetu? Mimi? Mimi ndiye niliyeitunza mwaka jana, nikaifuta salfa kwa mkono wangu. Nikaifunga mwenyewe kwenye bodaboda ya shemeji Yassini, nikamwambia akae nayo mpaka..."

Akajishika kichwa.

Tukamtazama.

Faidha ndiye aliyeuliza, polepole, "Mpaka lini, Baba Mujibu?"

Mpaka msimu mwingine. Aliiazimisha mwenyewe, akasahau mwenyewe, akamwita profesa mwenyewe. Yassini alipopigiwa simu alisema mashine ipo, ameifunika turubai, alikuwa anasubiri waje kuichukua.

Ningemheshimu kidogo kama angekuwa ameiba. Mwizi walau anapanga. Huyu alitaka kumfukuza mama aliyemlea kwa sababu kichwa chake hakina kumbukumbu.

Unadhani vituko viliishia hapo?

Profesa Lukmani alisimama, akafunga koti lake vizuri, akasema, "Si mnaona? Kifaa kimempata."

Na Mjomba Hamudi akatikisa kichwa. Kweli kabisa, akasema, kimempata. Wakampa jogoo. Namwona mpaka leo, yule jogoo kwapani mwa profesa, na ndiye dume pekee pale mkekani ambaye hakuwa amesema ujinga.

Fakihi akaenda barazani, akaanza kufungua fundo la lile furushi. Akaomba msamaha. Akasema, mama, kile kifaa kilitudanganya.

Mama Mkubwa akamfuata, akaweka mkono wake juu ya fundo.

"Kifaa hakinijui, Fakihi. Wewe nimekulea."

Hakupandisha sauti. Fakihi alilia mbele ya mke wake, na sikumwonea huruma hata chembe.

Kisha Mama Mkubwa akatoa maagizo, kama alivyokuwa akituagiza kwenda kuchota maji. Yeye anakwenda Masasi kwangu kupumzika, atarudi kwake atakapotaka. Mikorosho ataisimamia Faidha, maana ndiye aliyenyanyua simu wenzake wakiwa wananyoosha vidole. Fakihi atapulizia kama kibarua, Faidha akimhitaji. Asipomhitaji, akae.

Nikabeba furushi, tukapanda bodaboda.

Profesa bado anazunguka. Nasikia siku hizi akifika kijiji kipya anawaambia waulize Mnyambe kama kifaa chake kinakosea, na Mnyambe wanamsifia.

Funzo langu ndilo hili, wala sitalipamba. Boksi likikosea nalifungua, natafuta waya uliolegea, linapona. Lakini mtu aliyelishwa na mama yake miaka yote, akaambiwa na taa kuwa mama huyo ni mwizi, akakubali kabla hata betri haijapoa, huyo usiniletee. Mimi ni fundi na nakwambia hatengenezeki.

Mama Mkubwa yuko hapa kibandani ninapoandika, anakunywa chai na muhogo. Simu yake inaita tangu asubuhi, jina la Fakihi. Ina chaji ya kutosha na mtandao uko vizuri. Anaitazama, anaendelea kunywa chai yake.