Sauti ya Sidi Ndani ya Kompyuta

Sidi Rai alinunua mbuzi bara ya Lunga Lunga akawauza kwa wachinjaji wa Ukunda, kazi ambayo wanaume wa mnadani walidhani ataikimbia mvua za kwanza zikinyesha. Hakuikimbia. Alikuwa na sauti ya kusimamisha lori, na mnunuzi aliyejaribu kumpunja aliondoka akijuta hata kwa nini alimsalimia.

Babu yake, Mzee Chome, alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na mtu wa Gohu akifa huchongewa kigango: ubao mrefu wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu kifuani, roho ipate pa kukaa. Kigango hakihamishwi. Jamaa wakihama, chenyewe hubaki mahameni, na jamaa ya Sidi walikuwa wamehama zamani kusogelea barabara. Babu akabaki porini na mchwa. Na wezi. Kwa jirani yao, Mzee Matano, vigango viling'olewa vyote, ikasemekana vimevuka bahari kwenda kupamba sebule za watu wasiojua hata majina yao.

Basi mwaka wa tisini na tisa akaja Elijah Kivuva, kijana wa Kikamba aliyezaliwa Shimba Hills na kusomea kompyuta Mombasa. Ofisi yake ya Ukunda ilifanya kazi na chuo kimoja cha Ulaya. Alipiga picha za sanaa za dini za kale kila upande, akaziunganisha, akazituma kwa mtandao, na mtu aliye mbali akaweza kukizunguka kigango kama amesimama mbele yake.

"Kwa hiyo watamwona Babu, na Babu hatoki alipo?" Sidi aliuliza.

"Hatoki, dada."

"Na mahali?"

"Mahali ni siri. Mlima hautaonekana, bwawa halitaonekana. Nakuapia."

Sidi alikubali kwa sababu mchwa walikuwa wameshaanza kumpanda Babu. Heri uso wake ubaki kwenye kioo cha kompyuta kuliko usibaki popote.

Siku ya picha, kabla kamera haijafunguliwa, alifanya ada ya nyumbani kwao. Alimwagia Babu tembo la mnazi kidogo, akamtajia wageni, kwao wapi, na njia yote waliyomjia tangu barabarani, asije akawadhania wezi. Alisema kwa Kiduruma, kwa sauti yake ile ile ya mnadani. Elijah alikuwa ameshakiweka kinasa sauti majanini, akiwinda milio ya ndege.

Asubuhi ya kuzituma picha, Sidi alishusha mbuzi kwa mchinjaji kisha akapitia ofisini. Ndani alimkuta Kitsao, Mgiriama muuza vinyago wa ufuoni Diani, akingoja kupeleka faksi.

"Leo umejipaka marashi ya beberu, Sidi."

"Haya nimeyatolea jasho. Yako umepakwa na nani?"

Elijah alicheka, akawageuzia kioo. Babu alikuwa amesimama mle ndani. Elijah alisogeza mkono kidogo, Babu akageuka ubavu, akageuka mgongo, akarudi uso. Sidi alijishika mdomo.

"Sasa sikiliza dua yako," Elijah alisema, akapandisha sauti. "Wataipenda sana."

Chumba kikajaa Sidi. Babu, hawa wametoka Ukunda. Wamepita soko la Lunga Lunga, wakashika njia ya mkono wa kulia. Wamelizunguka bwawa la Matano, wakaliacha jiwe jeupe nyuma yao...

Elijah alitabasamu tu, maana Kiduruma hakukijua. Kitsao alikuwa ameacha kuikunja karatasi yake. Kigiriama na Kiduruma ni watoto wa mama mmoja.

"Zima," Sidi alisema.

"Ngoja, mwisho ndio mtamu."

"Elijah, zima. Hiyo si dua. Hiyo ni njia."

Elijah alibonyeza, sauti ikakatika.

"Haijatumwa bado, dada. Laini ya simu imekatika. Nitaitoa sauti, si kazi."

"Humo utaitoa." Sidi aligusa sikio lake. "Na humu?"

Hakumtazama Kitsao, lakini Kitsao alisimama. "Faksi nitaleta kesho," alisema. "Ajabu yenu, lakini. Mnawaacha wazee waoze porini, halafu mnasema ni mila."

Alitoka. Sidi alimfuata mpaka mlangoni. Pikipiki yake haikukata kwenda Diani. Ilishika barabara ya Msambweni, ile iendayo Lunga Lunga.

"Huenda ana shughuli zake," Elijah alisema.

"Huenda. Lete gari."

Msambweni waliiona pikipiki nje ya mkahawa. Kitsao alikuwa mezani na wanaume wawili, akichora kitu kwa kidole juu ya meza, na mbele yao kulikuwa na pikapu yenye turubai. Elijah alipunguza mwendo.

"Kanyaga," Sidi alisema.

Walimkuta Babu mahali pake. Elijah alishusha pumzi. "Twende kwa chifu."

"Chifu alikwenda kwa Matano akaandika alama za matairi."

Sidi alipiga magoti. Kila alichofundishwa kilimkataza: anayemng'oa mzee huvuta balaa nyumbani kwake. Elijah alisogea kumsaidia.

"Usimguse. Likija, lije kwangu."

Alimkumbatia Babu, akavuta. Alijiandaa kushindana naye, lakini chini mchwa walikuwa wamemaliza. Babu alikatika kama muwa mkavu, Sidi akaanguka chali naye kifuani. Hakulia. Alimviringisha kwenye leso, akamlaza nyuma ya gari.

Upande wa bwawa gari lilisikika likibadilisha gia.

"Picha nizifute?" Elijah alinong'ona.

Sidi alilitazama shimo la mchwa pale aliposimama Babu. "Tuma. Na sauti yangu uiache vile vile. Waje wote, wakute shimo."

Elijah alilipenyeza gari vichakani, upande usio na njia. Sidi alikaa nyuma, amekizuia kichwa cha Babu kwa viganja viwili kisigonge chuma.