Ijumaa Mashine Inalala

Naandika polepole. Mkono wangu wa kushoto hauna nguvu ya kushikilia karatasi, kwa hiyo nimeiwekea jiwe. Namwandikia mtu ambaye leo ameamka amechoka, akasema atapumzika kesho. Mimi nilisema hivyo kwa miaka mingi.

Nilizaliwa Mazingara, huku kwetu Handeni. Baba yangu alilima mahindi, na alikuwa na kawaida moja. Alhamisi jioni aliosha jembe lake, akalichomeka kwenye paa la kibaraza, na halikushuka mpaka Jumamosi asubuhi. Ijumaa alioga, akaenda kuswali, akala, akajilaza kwenye mkeka hadi jua lipoe. Hata magugu yawe yamefika magotini, jembe halikushuka. Nilipomaliza kidato cha nne nilimwona mtu wa zamani. Nikasema moyoni, ndiyo maana hatuendelei.

Nikahamia Chanika, pale Handeni mjini, nikafungua mashine ya kusaga. Wenzangu wenye mashine walifunga Ijumaa adhuhuri. Mimi niliswali haraka nikarudi kuwasha, maana siku hiyo wateja wote walikuwa wangu. Mke wangu, Mwanahamisi, alikuwa na benchi lake nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Kila Ijumaa baada ya chakula alikaa pale akaniita, "Baba Zuhura, njoo ukae japo kidogo. Kivuli kinatosha wawili."

Nilimjibu huku natembea, "Watu wana mahindi yao, mama. Wewe kaa."

Alikaa. Mpaka anafariki, benchi lile alilikalia peke yake.

Baada ya msiba nilizidisha kazi. Binti yetu ameolewa Mwanza, nyumba ilikuwa tupu. Nilifungua mashine kabla ya jua na kufunga giza likiingia. Kisogo kilianza kuuma. Masikio yalivuma hata mashine ikiwa imezimwa. Nilikuwa nikishtuka usingizini moyo ukinipiga kama nimekimbizwa, na asubuhi miguu mizito. Zahanati walinipima wakaniambia ni presha, wakanipa vidonge. Nilivimeza mpaka nikajisikia vizuri, nikaacha. Nilidhani nimepona.

Ikaja Ijumaa moja. Mama mmoja alileta debe la mahindi. Nikaliinua, mkono wa kushoto ukaliachia. Mahindi yakamwagika sakafuni. Yule mama akanitazama usoni.

"Mzee, mbona mdomo umekwenda upande?"

Nilitaka kumwambia niko sawa. Yalitoka mate. Kisha mguu ukakunjika, nikaanguka juu ya magunia, na mkojo ukanitoka mbele ya wateja. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilisikia mtu akisema, "Zimeni mashine," na hakuna aliyejua inazimwaje, kwa sababu sikuwahi kumfundisha mtu.

Hospitali walisema ni kiharusi. Niliporuhusiwa, mdogo wangu Mwanaidi alinichukua kwake Masuguru, Korogwe. Yeye ni mjane, ana mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Alinilisha uji kwa kijiko, akanifuta kidevu, akanibadilisha nguo kama mtoto. Sikuweza kutamka neno likaeleweka.

"Leo hubishi, kaka," alikuwa akiniambia. "Miaka yote nimeomba siku kama hii, ila sikuomba ije hivi."

Alinipa chungwa bichi niliminye kwa mkono mbovu asubuhi na jioni. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Taratibu vikaanza kusikia. Maneno nayo yakarudi, kwanza majina ya watu, kisha matusi, Mwanaidi akacheka mpaka akakaa chini.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Nilipoweza kutembea kwa fimbo, nilimuaga kwamba nakwenda kuangalia nyumba tu. Wiki ileile niliwasha mashine. Macho yakajaa ukungu, nikaanguka tena, na safari hii daktari alikuwa mkali, ingawa kiumri angeweza kuwa mjukuu wangu.

"Shikamoo babu. Vidonge unameza?"

"Marahaba. Sasa nameza."

"Mchana unapumzika?"

"Kwani mimi mgonjwa?"

Alinitazama pale kitandani, na mpira wa mkojo unaning'inia pembeni. "Ndiyo, babu. Wewe ni mgonjwa." Kisha akavuta kiti. "Dawa pekee hazitatosha. Jilaze kila siku saa ileile, baada ya chakula cha mchana. Simu iwe chumba kingine. Usingizi usipokuja, lala hivyo hivyo. Ukianguka tena, sijui kama utaamka."

Mwanaidi alinirudisha Masuguru na sharti lake. Alitaka niuze kila kitu nibaki kwake. Mimi nilitaka kufia nyumbani kwangu. Akasema, "Nitakurudisha Chanika siku nitakayokukuta umelala mchana bila kulazimishwa. Si kabla."

Sikujua kwamba kulala mchana ni kazi ngumu hivyo. Nilijilaza, nikaamka kuangalia mlango. Nikajilaza, nikaamka kunywa maji. Kwenye ukimya ule masikio yalitafuta mashine, na yalipoikosa yaliisikia sauti ya Mwanahamisi. *Njoo ukae japo kidogo.* Nilifunika uso kwa shuka nikalia. Nilikuwa najidanganya kwamba nafanya kazi kwa ajili ya riziki. Ukweli ni kwamba tangu azikwe nilikuwa naikimbia nyumba, na kabla hajazikwa nilikuwa namkimbia yeye bila hata sababu.

Nililia siku nyingi mchana. Mwanaidi alisikia, hakuingia. Kisha kilio kikapungua, ukabaki ukimya wenyewe, na mwili ukaanza kuuzoea. Saa ile ikifika, macho yakawa mazito. Kipimo cha presha kikashuka. Kisogo kikaacha kuuma. Mchana mmoja niliamka nikamkuta dada yangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimekuita, hukuitika. Ulikuwa unakoroma kama hiyo mashine yako." Akageuka kuficha machozi. "Kafunge mizigo, kaka."

Sasa nipo Chanika. Mashine nimemkodisha jirani yangu Mhina, kwa sharti kwamba Ijumaa baada ya swala haiwashwi. Alinung'unika.

"Mzee, Ijumaa ndiyo siku ya wateja!"

"Najua. Mimi ndiye niliyeianzisha."

Namshukuru Mungu aliyenipa nafasi ya tatu. Nawashukuru wauguzi walioniosha bila kukunja uso, yule daktari, na Mwanaidi, ambaye deni lake sitaweza kulilipa nikiwa hai. Kwako unayesoma, nakuomba umeze dawa ya presha hata ukijisikia mzima. Na uchague saa yako ya kupumzika wewe mwenyewe, uizoeshe mwili kila siku. Siku za mwanzo utajiona mvivu, na huenda yatakujia uliyokuwa unayakimbia. Yaache yaje ukiwa umelala. Mimi yalinikuta nimeshaanguka.

Alhamisi jioni naosha jembe langu dogo la bustani na kulichomeka kwenye paa, kama baba. Ijumaa nikishakula natoka na fimbo yangu hadi nyuma ya nyumba. Mtaa unakuwa kimya, kwa sababu mashine iliyokuwa inaupigia kelele imelala. Wakati mwingine mtu hupita na ndoo ya mahindi, akaita, "Hodi mzee, hamsagi leo?" Namjibu, "Kesho, mwanangu."

Nakaa upande mmoja wa benchi, upande mwingine nauacha kwa Mwanahamisi. Kivuli cha ukuta kinatosha watu wawili, kama alivyosema siku zote. Kama nyumbani kwako yupo anayekuita ukae naye, weka chini karatasi hii uende. Mahindi yatasagwa.