Chupa Mbili za Burbon Mpaka Luvungi

Niliondoka Bukavu juu ya kinywa changu. Si juu ya maneno yake, hapana. Juu ya kuonja.

Mujukuu yangu Bahati alitaka kuoa Esther, mutoto wa Luvungi, kule chini mu bonde la Ruzizi. Babu ya Esther, Muzee Kitoga, njo alimulea, na yeye njo wa kusema ndiyo ao hapana. Mara ya kwanza Bahati alienda na bajomba yake. Balibeba makase ya bia na chupa ya whisky imefungwa na ruban nyekundu, kama zawadi ya Noeli. Bakaziweka mbele ya muzee, bakakaa. Muzee akangoja. Hakuna mwenye alifungua, hakuna mwenye alionja. Jua lilipoanguka akabaambia: «Pombe ambayo mwenye kuileta anaogopa kuikunywa, sisi tutaikunywa na kinywa gani? Mubebe vitu vyenu.»

Na sisi Bashi, batu ya milima ya Bukavu, tunajua ile desturi vizuri. Mwenye kuleta kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, anaweka mulija wa kuvutia mudomoni yeye wa kwanza, batu baone kama hakuna sumu wala roho mubaya. Lakini batoto ya mujini banafikiri kifuniko ya kiwanda inatosha.

Basi bakanikumbuka mimi, nyanya yake. «Koko,» Bahati aliniambia, macho yake imekuwa mekundu, «akiturudisha tena, imekwisha. Kuna mwingine wa Uvira ameshaanza kuuliza njia ya kwao. Wewe njo utaonja.» Nikamujibu: «Miaka yote hii munasema niache kuonja vitu, leo kinywa changu imekuwa dawa?»

Jioni ya mbele ya safari, nyumbani kwetu Panzi, mu Bukavu, mwana wangu Murhula akaweka chupa mbili mezani. Murhula anaishi Amerika, mu Kentaki, na kazi yake iko mu depo kubwa ambamo banalaza mapipa ya burbon, ile whisky ya Amerika. Alikuja juu ya ndoa ya Bahati, na zile chupa alizileta mu valizi, amezifunga ndani ya shati zake zote. Moja ilikuwa ya miaka ine, rangi ya asali. Ingine ya miaka kumi na mbili, nyeusi-nyeusi kama chai imesahaulika motoni.

Akanielezea, na nilipenda kumusikia, juu mutu akisema kazi yake vizuri hata uso wake unakuwa muzuri. Burbon inatoka mu mahindi, zaidi ya kila kitu. Wanaipika, wanakamata mvuke wake, kisha wanaimwanga mu pipa mupya ya mbao, imechomwa moto ndani mpaka imekuwa makaa. Wakati wa joto pombe inaingia mu mbao, wakati wa baridi inatoka, na kila ikitoka inabeba kitu: rangi, utamu, harufu. Na kila mwaka pipa inapungua.

«Inavuja?» nikamuuliza.

«Haivuji, maman. Inapanda tu hewani. Kule banasema ni sehemu ya malaika.»

«Malaika gani? Hawa hawa ya kanisa?»

«Njo vile banasema. Sasa hii ya miaka kumi na mbili, malaika bameikunywa sana, imebaki kidogo. Njo maana bei yake ni kali. Na bei ya hii moja ungepata tatu ya ile ya miaka ine.»

Bahati akacheka: «Kumbe! Koko anasali rozari kila siku, na malaika balilala Kentaki, bamelewa!»

Nikamupiga na kikwembe, kitambaa yangu ya kujifunga. Lakini na mimi nilicheka.

Tukaonja. Ile ya miaka ine ilinichoma shingo kidogo, kisha ikashuka kifuani kama moto muzuri wa jikoni. Nilisikia mahindi ya kuchoma na ndizi imeiva sana, ile yenye ngozi ya madoadoa. Nikasema: hii iko rafiki. Ya miaka kumi na mbili, harufu yake ilinipeleka mu kisanduku ya mama yangu, M'Cishugi, alipofungia vikwembe vyake vya sikukuu. Harufu muzuri kabisa. Lakini mu kinywa ilinikausha ulimi kama ndizi mbichi. Mbao, mbao tu.

«Mimi nachagua hii mutoto, ya miaka ine,» nikasema. «Hata kasiksi iko vile. Ukiikamua leo, kesho yake ni tamu, ikikaa ni kali, ikikaa tena ni siki.»

Murhula akavuta ile chupa nyeusi karibu yake. Nilijua juu ya nini: ile ya zamani aliinunua na jasho. «Maman,» akasema polepole, «kasiksi inazeeka yenyewe. Hii inazeeka ndani ya mbao, si sawa. Lakini basi, kule Luvungi usiseme vile. Muzee akisikia kama ile ya bei kali haikupendezi, atafikiri tumemuletea mabaki. Sema tu ya zamani njo muzuri.»

Nilienda kulala na lile neno.

Asubuhi, jua bado kupanda, jirani yetu Ciza akaleta motokari yake. Bahati mbele, Murhula na mimi nyuma, na zile chupa mbili juu ya magoti yangu ndani ya kikwembe, kama mapasa, batoto ya tumbo moja. Tukapita Nyantende, ukungu ungali unalala juu ya migomba.

Nyangezi tukasimama. Pale kuna Maman Vumilia mwenye kuuza ndizi. Nilimujua tangu angali msichana anamufuata mama yake, marehemu Nabintu. «Koko, unabeba batoto ya nani?» aliniuliza. Nikamufungulia kikwembe kidogo. Akashika kinywa: «Yesu! Bazee ya leo!» Akatuongezea mukungu mudogo bila kuhesabu, juu ya kucheka.

Muteremuko wa Ngomo, batu ya bonde banaujua. Barabara inazunguka mulima kama kamba kwenye shingo ya mbuzi, upande huu jiwe, upande ule hakuna kitu. Ciza aliendesha vizuri, na kwa kila kona alimwita mutakatifu wake. Mimi niliminya mapasa. Kisha kona moja tukaona bonde lote chini, Ruzizi inang'aa katikati, na milima ya ngambo imesimama mbali kama bageni banaogopa kuingia. Nimeishi miaka mingi, lakini pale nilisema kwa sauti: Mungu, hapa ulifanya kazi na mikono mbili.

Kamanyola, chini ya mulima, joto ikatupokea. Nilitoa fulari ya shingoni, nikatoa triko ya baridi. Mashamba ya mupunga, mihogo, na mahindi, mahindi mpaka macho inachoka. Murhula akashusha kioo, akavuta hewa: «Maman, wakati wa joto Kentaki iko hivi hivi.» Nilimuona amekuwa tena mutoto.

Luvungi tulifika wakati batu banatoka sokoni. Mu uwanja ya Muzee Kitoga mahindi ilikuwa imeanikwa juu ya bashi ya plastiki, ya njano kabisa, na yeye alikaa chini ya baraza ya mabati, mutu murefu, mukavu, kofia mukononi. Muke yake, Maman Neema, akatuletea viti. Muzee akaanza yeye mwenyewe: akaleta kibuyu ya kasiksi ya kwao, akavuta na mulija yeye wa kwanza, kisha akanipatia. Ilikuwa kali kuliko ya kwetu Bushi, mu joto ndizi inachacha mbio. Nikamusifu kwa ukweli, naye akakubali na kichwa.

«Na ninyi?» akauliza.

Bahati alikuwa anajikamata magoti. Nikafungua ile ya miaka ine mwenyewe, nikamwanga mu vere, gilasi kidogo, nikakunywa mbele yao wote, nikamupatia. Muzee akakunywa, akakohoa, akacheka. «Hii inatoka wapi?»

Murhula akaenda mu uwanja, akaokota mbegu moja ya mahindi, akamuwekea muzee mukononi. «Inatoka hapa, papa. Ni mahindi tu.»

Muzee aliangalia ile mbegu, akaangalia vere, akaangalia mbegu tena. «Neema! Kuja uone vile bazungu bamefanyia bugali!» Na Maman Neema kwenye mulango: «Mungu akusaidie usijifunze, tutakufa na njaa.»

Ile ya zamani, Murhula alinisaidia kuifungua. Akaongeza matone ya maji kidogo sana. «Juu ya joto,» akaniambia. Nikaonja. Na pale kitu kilibadilika. Ile mbao ya jana ikasogea kando, nyuma yake nikasikia asali, na majani makavu ya mugomba, na moshi wa mbali. Ilikaa mu kinywa hata nikishameza, kama mutu anayeaga polepole. Nikamupatia muzee. Alikunywa, akafunga macho.

Kisha akaniangalia mimi, si mwingine. «Mama mugeni, hii ya pili njo ya bei kali?»

«Ndiyo, papa.»

«Basi njo muzuri kuliko ile?»

Murhula akaangalia viatu vyake. Nikafikiri: nimeitwa hapa juu ya kinywa. Kinywa kikidanganya, nimeleta nini?

«Papa,» nikasema, «bei yake naijua, mwana wangu aliitokea jasho, na ni ya kuheshimu wewe. Lakini unaniuliza mimi. Kinywa changu kinapenda hii mutoto. Hii ya zamani jana ilinishinda. Leo imeanza kunisemesha, lakini sijaisikia yote. Siwezi kukudanganya wakati ninaomba mutoto wako.»

Kuku zilikuwa zinakula pembeni ya mahindi, na hakuna mwenye alizifukuza.

«Mara ya kwanza,» muzee akasema mwisho, «baliniletea pombe bila kinywa. Leo baliniletea kinywa.» Akakamata ile ya miaka ine. «Hii mutoto ni ya leo. Neema, leta mavere yote, ita na majirani.» Kisha akakamata ile ya zamani, akairudishia kizibo, akaiminya na kidole. «Hii itabaki hapa kwangu. Lakini sitaikunywa peke yangu. Wewe hujamaliza kuisikia, na mimi pia bado. Utarudi, tutaimaliza pamoja.»

Bahati akaniinamia sikioni: «Koko, amekubali ao amekataa?»

«Mujinga wangu,» nikamwambia, «mutu anayekufukuza anakuwekea chupa?»

Maman Neema alikuwa ameshasikia. Akapiga kigelegele, na Esther akatoka nyumbani na sahani ya maji ya kunawa mikono. Akainama haraka, maji ikanimwangikia miguu. Maji baridi, mu joto ile. Nilimubariki mara mbili.

Kesho yake tulirudi. Kwenye Ngomo magoti yangu ilikuwa mepesi, nilibeba tu ndizi na unga wa Maman Neema. Murhula akaniuliza kama nimemukasirikia. «Nikukasirikie juu ya nini? Ulisema kweli: ile ya zamani si kasiksi. Ilitaka joto, na maji kidogo, na mutu wa kuikunywa naye bila haraka.» Akageuza uso kwenye dirisha. Tulipofika Nyangezi, Vumilia aliona siko tena na mapasa, akapiga makofi tangu mbali.

Sasa ukiniuliza mimi, ninyi mulio nyumbani na hamujaonja: ya miaka ine, nunua ukiwa na batu wengi na furaha ya siku moja. Ilikunywewa na majirani wote ya Luvungi, ikaisha jua likiwa bado juu, na hakuna franga hata moja ya bei yake ilipotea. Ya zamani usiinunue juu ya kuonyesha bei. Inunue kama uko na mutu ambaye unataka kurudi kwake.

Esther iko hapa kwetu sasa, iko anakoroga bugali wakati ninaeleza haya. Babu yake anapiga simu kila Jumapili misa ikiisha, na haanzi kuuliza mujukuu yake, anauliza mimi. «Mukwe wangu, unakuja lini?»

Juzi nikamuuliza: «Chupa yangu iko sawa?»

Akakohoa kidogo. «Iko. Imepungua kidogo tu.»

«Imepungua namna gani, papa? Murhula alisema ikishaingia mu chupa, hata malaika habaigusi tena.»

«Hao ni ba Amerika,» Muzee Kitoga akasema. «Ba Luvungi bako na kiu. Fanya haraka.»