Paipu ya Breki ya Mzee Asbjørn

Jorunn Tveiten hakumruhusu mtu yeyote ashuke ule mteremko wa gatini na gari bovu. Kaka yake Leif alishuka na breki zilizochoka, wakamwopoa siku ya pili yake kwenye maji ya fiodi, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya milima yetu. Gereji ya baba yao ikabaki kwa Jorunn, na ukali ukaja nao. Mimi jirani yake nimewahi kutukanwa kwa sababu ya tairi zilizoisha, na nilistahili.

Asubuhi moja ya Januari, Asbjørn Lid alileta gari lake kubwa la kupanda milima. Ukikanyaga breki, mguu ulizama mpaka chini.

"Mafuta ya breki yamepungua, ila sioni yanapovujia," Jorunn alisema akiwa chini ya gari. "Huku umepaka nini, mzee? Siagi ya Krismasi?"

"Grisi. Napaka kila mwaka kabla ya theluji. Si unajua chumvi ya barabarani inavyokula chuma?"

"Umepaka juu ya kutu! Umeifungia ndani iendelee kula chuma raha mustarehe."

Alikwangua kwa bisibisi juu ya ekseli ya nyuma. Grisi ikabanduka, na chini yake paipu ya breki ilikuwa imelika, inatoa mafuta kama jasho. Alipoigusa ikakatika.

"Gari halitoki mpaka nibadilishe paipu. Alasiri litakuwa tayari. Una haraka?"

"Aa, wapi! Fanya kazi yako."

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Mkewe Målfrid alikuwa hospitali ng'ambo ya fiodi, na alfajiri ile hospitali ilimpigia Asbjørn simu awahi. Hakusema. Sisi Wanorwe tunaona kumsumbua mtu ni aibu kubwa, na mficha uchi hazai. Gari zima la Jorunn lilikuwa mlangoni, ufunguo ndani. Asbjørn alilipita, akaenda kukaa dirishani na kikombe cha kahawa, akaitazama feri ya kwenda ng'ambo ikiondoka.

Jorunn alikata paipu mpya, akaikunja ifuate njia ya ile ya zamani, akaifunga. Ikabaki kutoa hewa kwenye breki, gurudumu moja moja: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua skrubu hewa itoke, kisha anaifunga. Akamkalisha mzee kwenye usukani.

"Kanyaga. Shikilia hapo hapo. Usiachie mpaka nikwambie."

Simu ikalia mfukoni mwa Asbjørn mpaka ikakatika. Ikalia tena.

"Pokea basi, mzee!"

"Si umesema nisiachie?"

"Nimeshafunga. Achia, pokea."

Alisikiliza, akasema ahsante, akairudisha simu mfukoni.

"Nani huyo?"

"Hospitali. Målfrid amefariki."

Jorunn alitoka chini ya gari, mikono inachuruzika mafuta. "Alikuwa mahututi? Na wewe umekaa hapa unakunywa kahawa? Gari langu si lile pale! Neno moja tu, Asbjørn, neno moja!"

"Ulikuwa na kazi. Sikutaka kukusumbua."

Jorunn aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Hata Leif hakumlilia hivyo. Mzee hakujua aangalie wapi, akakanyaga breki tena. Sasa ilikuwa ngumu.

"Zinashika," alisema. "Tumalizie hilo gurudumu jingine. Taratibu tu, haraka haipo tena."