Seva Niliyoisifia Kibeta

Wenzangu wa jukwaa la mtandaoni la wakulima wa Muleba walinituma Bukoba nichague kampuni ya kutuhifadhia tovuti, maana ile ya zamani ilikuwa inazimika kila mara. Nilijitolea mwenyewe, nikijigamba kwamba seva nazijua. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuona hata moja.

Dada Zuhura, mwenye kampuni moja ya kuhifadhi tovuti, anafanyia kazi hiyo nyumbani kwake Kibeta, hapo hapo Bukoba. Alinielekeza kila kitu kwa upole, bila kunidharau, kisha akaenda jikoni kuandaa chai. Hapo ndipo nikaliona kabati la chuma pale kwenye kona. Feni inavuma taratibu, taa zinawaka, namba za joto hazipandi wala hazishuki. Nikalipenda papo hapo. Nikampigia mwenyekiti wetu, Mama Koku, kwa video.

"Seva yenyewe hii hapa, mama. Tazama usafi huo. Tazama inavyotunza joto. Tovuti yetu ikikaa humu haizimiki tena."

"Waitu, ni nzuri kweli," akasema, akishangaa kwa Kihaya chake. "Mbona kama inalia?"

"Ni data zinaingia," nikamjibu kwa uhakika.

Zuhura alikuwa ameshasimama nyuma yangu. Hakucheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliweka chai mezani, akasema, "Samahani kaka, naona wamewahi," akafungua kabati, akatoa trei iliyojaa vifaranga, wengine bado wana maganda mgongoni.

Mama Koku alikuwa bado anatazama yote kwenye simu.

"Basi usirudi mikono mitupu," akasema Mama Koku. "Niletee data kumi, na uchague majike."