Simu Iliyosoma Mpaka Mwisho

Ile simu sikuiamini tangu siku niliyotiwa mkononi. Watu wa mradi walitukusanya ukumbini hapa Likoni, sisi tusioona, na jambo la kwanza wakatupiga picha. Nikasema moyoni, haya, picha washapata, sasa watatugawia biskuti waende zao. Kumbe kila mtu alipewa simu kubwa ya kugusa, si kama ile kabambe yangu ya vitufe, tena simu yenyewe inasema. Ukipapasa kioo inakutajia ulipogusa: saa, betri, meseji. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa Changamwe, naye pia haoni, lakini aliichezea ile simu mbio mbio hata nikatia shaka kama kweli haoni.

"Kitu hiki mtu hakitoi bure," nikamwambia. "Chatusikiliza, sivyo?"

"Kitakusomea meseji zako, mama. Utajisikilizia mwenyewe."

"Ninaye wa kunisomea."

"Ndiyo maana nakwambia," akasema, akapita kwa mwengine.

Mchonganishi huyu, nikasema. Nikamchukia njia nzima.

Wa kunisomea alikuwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Macho yangu yalipozimika, alihamia kwangu anisaidie kumlea binti yangu, mtoto wangu pekee. Wallahi, kwa hilo simtii kasoro. Alinishika mkono hadi kivukoni na hadi hospitali, alinipikia, alinichagulia nguo. Binti alipokuwa mkubwa akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Kupiga simu hakuweza ovyo, maana bibi mwenye nyumba humsimamia anapozungumza. Siku ya Idi tulipewa dakika mbili, salama, salama, basi. Mengine aliyaandika akiwa amejifungia msalani, na wifi ndiye aliyenisomea na kumjibu.

Kila Ijumaa nilisomewa hivi: "Shikamoo mama. Natumai hujambo wewe na shangazi. Mimi pia sijambo, namshukuru Mungu." Nami husema alhamdulillahi, mjibu, mwambie twamuombea dua. Wifi alikuwa akibonyeza-bonyeza, kisha hunyamaza kidogo, kisha huniuliza chakula cha mchana tupike nini. Sikukitilia maanani kile kimya. Shaka zangu zote nilikuwa nimezielekeza kwa simu.

Wifi naye hakuipenda. Sauti yake ilimkera, inatamka kila neno kwa ukamilifu lakini haina pumzi wala haya. Tukaizima sauti, yeye akawa anaisoma kwa macho kama alivyosoma kabambe. Nikiwa na neno la siri la kumwambia, naifunika simu kwa sufuria kwanza. Cheka utakavyo, mimi nilikuwa na yakini kuna mtu ndani yake anasikiliza.

Miezi mitatu ikapita hivyo. Kisha wifi akaenda mazishini Msambweni, akakaa huko siku tatu. Siku ya pili, mchana, nafua uani, nikaisikia simu inatetema juu ya meza. Nikaiacha. Nikaendelea na shuka langu, lakini roho haikutulia. Ilikuwa Jumatatu, na binti huandika Ijumaa. Nikajipangusa mikono, nikabonyeza vile vitufe viwili vya ubavuni kwa pamoja kama mwalimu alivyotufundisha, sauti ikarudi. Nikapapasa mpaka kwenye meseji.

"Shikamoo mama. Natumai hujambo wewe na shangazi. Mimi pia sijambo, namshukuru Mungu. Ila mkono nilioungua bado haujapona na hawajanipeleka hospitali. Nimekusikia mama, nitavumilia. Sitakusumbua tena kuhusu kurudi."

Mkono upi? Kurudi kupi?

La kwanza lililonijia, na naona haya kulisema, ni kwamba simu inaongeza maneno. Wifi hajanisomea meseji ndefu hivyo hata siku moja. Nikasema hii hapa, fitina ya simu imeanza. Nikamwita jirani yangu anayekaanga viazi karai mlango wa tatu, nikamwambia aniandikie meseji ya lolote alitakalo, asinitajie, kisha tusikilize kama simu itasema alichoandika. Ikasoma: "Wifi yako hutia chumvi kwenye pilau utadhani anahifadhi papa."

Jirani akacheka hata akakaa chini. "Neno kwa neno!" akasema. "Lo, usimwambie lakini!"

Mimi sikucheka. Simu haikuongeza wala haikupunguza. Basi aliyepunguza ni nani?

Jirani akarudi kwa viazi vyake, nami nikafunga mlango. Nikaanza kuzipapasa meseji za miezi ile mitatu, moja baada ya moja. Zote zilianza kwa salamu zile zile. Sisi ndivyo tulivyo, hata mtu mwenye maiti ndani ukimuuliza habari atakujibu njema, kisha ndipo akueleze. Salamu hutangulia, neno lenyewe huja nyuma yake. Na wifi alikuwa akinisomea salamu, akifika kwenye "ila" anasita, anafunga.

Ila nalala jikoni, mama. Ila mafuta ya moto yamenimwagikia mkononi. Ila wenzangu wawili wanataka kukimbilia ubalozini wasaidiwe kurudi, nami nataka kufuatana nao, lakini siondoki bila radhi yako. Niambie neno moja tu.

Na chini yake jibu: "Vumilia mwanangu. Kila kazi ina tabu zake. Mamako."

Mamako! Nikairudia ile meseji nikidhani nimesikia vibaya. Nikairudia tena. Sauti ile isiyo na haya ikanisomea vile vile, Mamako. Hasira zilinipanda, na kitu kibaya kuliko hasira. Maana mgeni yeyote anayeketi kwangu, akimaliza salamu, mimi humwambia, "Enhe, lete jipya." Kwa mwanangu wa kumzaa sikusema "enhe" hata Ijumaa moja. Niliridhika na salamu.

Mwalimu alitufundisha kwamba ukibonyeza mahali fulani na kusema, simu itaandika. Nikasema, "Mwanangu, fuatana na wenzako. Una radhi zangu zote. Rudi." Ikanisomea, nikaituma.

Jibu likaja baada ya muda mfupi. "Wewe ni nani?"

Nikasema, ikaandika: "Mimi mamako."

"Mama hawezi kuandika. Shangazi, usinijaribu."

Hapo nililia. Kisha nikakumbuka kuna njia ya kutuma sauti yenyewe. Nilibabaika, nikabonyeza siko mara mbili, ya tatu ikakubali. Nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba ndimi, kwamba leo ndiyo siku ya kwanza nimesikia habari ya mkono wake, na lile neno la kuvumilia halikutoka kwangu. Nikakaa na simu mapajani. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha alipojibu.

"Mama. Kumbe ulikuwa hujui."

Wifi aliporudi hakukana. "Nilikudanganya neno gani?" akasema. "Salamu zako zote nilikusomea."

"Na baada ya salamu?"

"Daktari alisema presha yako haitaki mshtuko. Wewe ungefanya nini, wifi? Kivukoni tu huendi bila mimi, ungemfuata Uarabuni?"

"Hakutaka nimfuate. Alitaka neno."

Alilia, nami nikamwacha alie. Najua hakufanya kwa ubaya, na najua vilevile kwamba nilimwonea haya kumwambia yote niliyoyafikiri. Hakuhama. Bado tunaishi nyumba moja, hunipikia, hunishika mkono barabarani. Simu yangu haigusi.

Binti yangu alirudi baada ya wiki saba, mkono una kovu kutoka kiwiko hadi kwenye vidole. Nililipapasa lile kovu uwanja wa ndege, watu wanatupita na mizigo yao. Sasa anafanya kazi ya usafi Port Reitz na amepanga chumba huko huko. Hunitembelea, humwamkia shangazi yake kwa adabu, hula pilau lake. Na kila siku hunitumia meseji. Kabla ya neno lolote huuliza, "Mama, uko na nani?" Nikiwa peke yangu humwambia niko peke yangu, hapo huniandikia mpaka tunachoka. Nikiwa na wifi humwambia niko na wifi, naye hunijibu kwamba hajambo.